Espreso nyumbani Gusii: Namna ya kutega mashine na kuonja kahawa ya shambani

WAKULIMA wa Kisii na Nyamira wamekuwa wakipanda kahawa tangu miaka ya 1930, lakini wengi wao huzeeka bila kuijua ladha ya zao walilolitunza. Kinachochemka jikoni alfajiri ni chai ya maziwa. Matunda ya kahawa huchumwa, hupelekwa kiwandani na kupimwa kwenye mizani, na uhusiano wa mkulima na zao lake hukomea hapo.

Katika miaka ya hivi karibuni, mashine ndogo za kutengenezea kahawa ya espreso zimeanza kuingia majumbani. Baadhi hununuliwa katika maduka ya Nairobi au kupitia mtandao. Nyingine hutumwa na jamaa walio ng'ambo, hasa katika jimbo la Minnesota, Marekani, ambako Abagusii wengi wamefanya makao.

Hata hivyo, mashine ya espreso si birika la umeme ambalo mtu huliwasha na kungoja maji yachemke. Isipotegwa ipasavyo hutoa maji meusi yaliyo machungu au makali kama siki. Mwenye nyumba huionja mara mbili, hukunja uso, kisha huifunika kwa kitambaa na kurejea kwenye chai yake akiamini kwamba kahawa ndiyo mbaya. Lawama huiangukia kahawa, ilhali aghalabu kosa liko katika umeme, maji, usagaji au vipimo. Mambo hayo yote yanaweza kurekebishwa.

Espreso ni nini

Espreso ni kahawa inayopatikana kwa kusukuma maji ya moto kwa nguvu kupitia kahawa iliyosagwa laini na kushindiliwa. Ndiyo tofauti yake na kahawa chungu ya Mombasa na Lamu, ambayo huchemshwa kwa muda mrefu katika dele juu ya makaa na kunyweka pamoja na kashata au tende. Kahawa ya dele hupata nguvu kutokana na muda. Espreso hupata nguvu kutokana na shinikizo, na huwa tayari kwa muda wa nusu dakika hivi.

Asili ya mashine hizi ni Italia. Angelo Moriondo wa mji wa Turin alipewa hataza ya mashine ya kahawa inayotumia mvuke mnamo 1884, na Luigi Bezzera wa Milan akaja na yake mnamo 1901. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Achille Gaggia aliuza mashine zilizotumia wenzo na springi badala ya mvuke mtupu. Shinikizo likapanda mno, na povu la rangi ya dhahabu, liitwalo krema, likaanza kuonekana juu ya kikombe. Mnamo 1961 kampuni ya Faema ilitoa mashine ya E61 iliyotumia pampu ya umeme, na mashine nyingi za leo zinafuata mkondo huo.

Vipimo vinavyokubalika na wengi ni shinikizo la baa 9, yaani karibu mara tisa ya uzito wa hewa kandokando ya bahari, na maji ya joto la nyuzi 90 hadi 96 za Selsiasi. Mnunuzi asibabaishwe na maandishi ya baa 15 au 20 kwenye boksi. Hicho ni kilele cha uwezo wa pampu, wala si shinikizo linalofaa kuifikia kahawa.

Umeme ukaguliwe kwanza

Hatari ya kwanza huwapata wanaopokea mashine kutoka Marekani. Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Ule wa Marekani ni wa volti 120 na mizunguko 60. Mashine ya Marekani ikichomekwa moja kwa moja katika soketi ya Kisii hupokea volti mara mbili, na kipashio chake huvuta nguvu mara nne ya ile iliyokusudiwa. Kilichoundwa kutumia wati 1,200 hulazimika kubeba karibu wati 4,800, na huungua kabla ya kikombe cha kwanza kupatikana.

Transfoma ya kupunguza volti inaweza kusaidia, lakini sharti iwe na uwezo unaozidi wati za mashine, na transfoma ya aina hiyo ni nzito na ghali. Isitoshe, transfoma haibadilishi idadi ya mizunguko. Pampu ndogo iliyoundwa kwa mizunguko 60 hufanya kazi polepole zaidi ikipewa mizunguko 50. Kwa hivyo, ni busara jamaa aliye ng'ambo aombwe kusoma kibandiko kilicho chini au nyuma ya mashine kabla ya kuinunua. Kikionyesha volti 220 hadi 240 na mizunguko 50, mashine hiyo itafaa. Kikionyesha volti 120 pekee, heri atume fedha mashine inunuliwe nchini.

Mashine iliyo sawa ichomekwe katika soketi ya ukutani yenye waya wa ardhi, kwani hapa maji na umeme vinakaa pamoja. Waya wa kuongezea unaobeba pia jokofu na televisheni unaweza kupata moto. Pahali ambapo umeme hupotea na kurudi kwa kishindo, ni vyema kutumia kifaa cha kulinda vyombo na kuzima mashine mara tu stima zinapokatika.

Ama kuhusu gharama, mashine ya wati 1,300 ikivuta umeme saa nzima bila kukatiza ingetumia uniti 1.3. Kwa kweli haifanyi hivyo, kwa sababu thamostati hukata umeme maji yanapofikia joto lililowekwa. Gharama hupanda mashine inapoachwa ikiwaka asubuhi kutwa bila mnywaji.

Maji ya mvua na maji ya mfereji

Karibu kikombe chote cha kahawa ni maji, na kwa hivyo maji mabaya huharibu hata kahawa bora. Nyanda za Gusii hupata mvua nyingi, na nyumba nyingi za mabati zina matangi ya kuvunia maji hayo. Maji ya mvua ni laini mno, maana yake hayana chokaa. Hilo ni jambo jema kwa mashine kwa sababu mabomba yake hayatazibwa na utando mweupe.

Lakini maji yasiyo na madini kabisa yana kasoro zake. Hutoa kahawa iliyopooza au yenye ukali usiopendeza. Aidha, baadhi ya mashine hutambua kiwango cha maji ndani ya boila kwa kupitisha umeme mdogo majini, na maji yasiyo na madini hayapitishi umeme vyema. Dawa rahisi ni kuchanganya maji ya mvua na ya mfereji, au na ya chupa, nusu kwa nusu.

Kwa upande mwingine, maji ya kisima yanaweza kuwa mazito kwa chokaa. Kipimo cha nyumbani ni birika. Likiota ukoko mweupe ndani baada ya majuma machache, maji hayo yataiziba mashine. Maji ya paa yachujwe na kuchemshwa kwanza, na yale ya mvua ya mwanzo baada ya kiangazi yamwagwe kwa kuwa huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi la mashine litiwe maji mapya kila siku.

Mwinuko wa Gusii hubadilisha hesabu

Sehemu kubwa ya Kisii na Nyamira iko kati ya mita 1,500 na 2,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa kila mita 300 hivi mtu anazopanda, kiwango cha kuchemka kwa maji hushuka kwa karibu nyuzi moja. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 Mombasa huchemka kwa takriban nyuzi 94 katika mji wa Kisii, na chini ya hapo katika vilima vya juu vya Nyamira.

Ndani ya mashine ya espreso jambo hili halina madhara makubwa. Maji yaliyo chini ya shinikizo la baa 9 hayawezi kuchemka kwa nyuzi 96, awe mtu yuko Lamu au Keroka. Tofauti huonekana maji yanapotoka nje. Mashine ikifunguliwa bila kahawa, maji yenye joto la kuzidi nyuzi 94 hugeuka mvuke papo hapo na kutoa mlio kama wa mafuta kikaangoni. Mtumiaji asidhani mashine imeharibika.

Mlio huo unaweza hata kumfaa. Mashine zisizo na kipimo cha joto hupasha maji kupita kiasi zinapokaa muda mrefu. Akiyaacha maji yatiririke mpaka mlio utulie, mwenye mashine mjini Kisii atajua kwamba yanayotoka sasa ni ya nyuzi 94 hivi, ambacho ni kiwango kinachofaa kahawa. Mtu wa Mombasa hana bahati hiyo, kwa sababu huko mlio hutulia maji yakiwa bado na joto la nyuzi 100.

Wanaotengeneza kahawa kwa birika na kichujio nao wana la kuzingatia. Vitabu vingi vya kigeni humwagiza mtu kungoja nusu dakika au zaidi baada ya maji kuchemka ndipo ayamimine. Agizo hilo liliandikiwa watu wa nyanda za chini. Kisii na Nyamira maji yamiminwe yakiwa yanatokota, kwani kungoja hushusha joto kupita kiasi na kuiacha kahawa ikiwa kali na nyepesi.

Kahawa ipi ifaayo

Serikali ya kikoloni, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imewatengea walowezi zao hili, iliruhusu Waafrika wa Kisii, Embu na Meru kupanda kahawa kwa majaribio katika miaka ya 1930. Aina zinazojulikana zaidi nchini ni SL28 na SL34, zilizoteuliwa na maabara ya Scott miaka hiyo, Ruiru 11 iliyotolewa mnamo 1985, na Batian iliyofuata mnamo 2010. Taasisi ya utafiti wa kahawa yenye makao yake Ruiru ina kituo pia Kisii.

Zote hizi ni kahawa ya arabika. Kahawa ya nyanda za juu hukomaa polepole, punje zake huwa ngumu, na ladha yake huwa na uchachu wa kupendeza kama wa matunda. Uchachu huo ndio unaoipa kahawa ya Kenya sifa duniani, lakini shinikizo la espreso huuzidisha. Anayeanza asichague kahawa iliyokaangwa kidogo mno. Iliyokaangwa wastani, au kupita wastani kidogo, humpa nafasi ya kujifunza bila kuumwa ulimi.

Pakiti inunuliwe ikiwa na tarehe ya kukaangwa. Kahawa iliyotoka motoni leo imejaa gesi na hutoa povu jingi lisilo na ladha. Ingoje siku 7 hadi 14, kisha itumiwe kabla ya majuma sita kupita. Ihifadhiwe mahali pakavu katika mfuko uliofungwa vyema, mbali na jua na mbali na vitunguu na viungo.

Madaraja nayo yasimpotoshe mtu. AA, AB na PB hupangwa hasa kwa ukubwa, umbo na uzito wa punje. Daraja la AB kutoka kiwanda kinachochagua matunda mekundu linaweza kuwa tamu kuliko AA ya kiwanda kizembe.

Anayetaka kukaanga mwenyewe kiasi kidogo anahitaji punje zilizokaushwa vizuri na kuondolewa maganda, kikaango kizito na moto wa wastani. Punje zikorogwe bila kukoma. Hugeuka manjano, kisha kahawia, na baadaye hulia kama bisi. Mlio huo wa kwanza ukiisha, zisubiriwe kwa dakika moja au mbili, zimwagwe kwenye ungo na kupepetwa zipoe haraka. Mlio wa pili ukisikika, zinaelekea kuungua.

Sheria ya Kenya hudhibiti biashara ya kahawa, na kununua kahawa ghafi kwa mtu asiye na leseni ni kuutia nguvu wizi ambao umevitia hasara vyama vingi vya ushirika. Asiye na kahawa atafute iliyopakiwa na mkaangaji anayejulikana.

Kisagio ni muhimu kuliko mashine

Wanunuzi wengi humaliza fedha zote kwa mashine na kusahau kifaa cha kusagia. Huo ndio mwanzo wa matatizo. Espreso huhitaji kahawa iliyosagwa laini, punje zake zikilingana, na inayoweza kurekebishwa kidogo kidogo. Kinu na mchi haviwezi kazi hiyo, wala mashine ya visu vinavyozunguka, kwa kuwa huacha vumbi na chenga pamoja. Maji hupita kwa kasi penye chenga na kukwama penye vumbi, na kikombe kimoja huwa kichungu na kikali kwa wakati mmoja.

Kinachofaa ni kisagio chenye magurudumu mawili ya chuma yanayokaribiana. Kile cha kuzungusha kwa mkono ni nafuu kuliko cha umeme na hufanya kazi hata stima zikikosekana. Mwenye fedha kidogo anunue kisagio kizuri na mashine ya kawaida, wala asifanye kinyume chake.

Asiyekuwa nacho kabisa atumie kichujio chenye kuta mbili, ambacho mashine nyingi za bei nafuu huja nacho. Kichujio hicho kina tundu moja dogo chini linaloongeza shinikizo, na kwa hivyo hakihitaji usagaji sahihi sana. Povu lake huonekana zuri, ingawa ladha haifikii ile ya kichujio cha kawaida.

Hatua kwa hatua

Kwanza, mashine iwashwe dakika 15 hadi 20 kabla ya kutumiwa, kishikio cha kichujio kikiwa kimefungwa mahali pake ili nacho kipate moto. Mashine mpya ipitishwe matangi mawili ya maji matupu ili kuondoa vumbi na harufu ya kiwandani.

Pili, kahawa ipimwe kwa mizani ndogo. Kwa kichujio cha vikombe viwili, gramu 18 ni mwanzo mwema, mradi kichujio kiwe na nafasi ya kuzibeba. Kijiko hakitoshi, kwa sababu tofauti ya gramu mbili hubadilisha kila kitu.

Tatu, kahawa isagwe papo hapo, isambazwe sawasawa ndani ya kichujio na kushindiliwa mara moja kwa mkono ulionyooka. Lililo muhimu si nguvu nyingi bali uso ulio tambarare. Ikiinama upande mmoja, maji hupenya upande ule mwepesi.

Nne, maji yafunguliwe kwa sekunde chache kusafisha kichwa cha mashine. Kishikio kifungwe, kikombe chenye moto kiwekwe juu ya mizani, na saa ianze kuhesabu pampu inapoanza kunguruma.

Tano, mashine izimwe kikombe kikifikia gramu 36 hadi 40. Ikiwa muda uliopita ni kati ya sekunde 25 na 30, hesabu imekaribia. Kahawa itoke ikiwa nzito kama asali, kahawia iliyokolea, kisha ipauke polepole.

Kikombe cha kwanza ni nadra kufaulu, na haifai mtu kuvunjika moyo. Kanuni ni kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Kahawa ikitoka mbio kwa sekunde 12 na kuwa kali kama ndimu, isagwe laini zaidi. Ikidondoka kwa shida hadi sekunde 50 na kuwa chungu kama dawa, isagwe nene kidogo. Ikiwa muda ni sahihi lakini uchachu bado unazidi, maji yaongezwe mpaka kikombe kifikie gramu 45, au joto lipandishwe ikiwa mashine inaruhusu. Marekebisho haya mawili huifaa sana kahawa ya Kenya. Ikirusha vijito huku na huku, ilisambazwa vibaya.

Maziwa ya nyumbani

Katika boma lenye ng'ombe, maziwa mabichi hayakosekani. Hata hivyo, mrija wa mvuke wa mashine hupasha maziwa hadi nyuzi 60 au 65 kwa muda mfupi tu, na joto hilo halitoshi kuua vijidudu vya maradhi kama brusela. Maziwa ya ng'ombe wa nyumbani sharti yachemshwe kwanza, yaondolewe utando wa juu, kisha yapozwe kabisa kabla ya kutiwa mvuke. Maziwa baridi hutoa povu laini kuliko yaliyo vuguvugu.

Mrija ufunguliwe kidogo kumwaga maji yaliyobaki ndani. Ncha yake iwekwe karibu na uso wa maziwa kwa sekunde chache ili kuingiza hewa, kisha ishushwe kidogo ili maziwa yazunguke. Jagi likiwa moto kiasi cha kutoshikika, yatosha. Mrija ufutwe kwa kitambaa kibichi papo hapo na kufunguliwa tena, la sivyo maziwa yatakauka ndani yake na kuoza. Watoto wasisimame karibu, kwani mvuke huunguza vibaya kuliko maji ya moto.

Usafi na tahadhari

Mafuta ya kahawa huchacha yakiachwa, na mashine chafu hutoa kahawa yenye harufu ya jivu. Kila siku masimbi yatupwe, kichujio kioshwe na maji yapitishwe bila kahawa. Masimbi hayo hayana hasara, kwani huchanganywa na mbolea ya boji shambani. Kila juma kichujio cha juu kilicho kwenye kichwa cha mashine kisuguliwe.

Penye maji ya chokaa, ukoko uondolewe kila baada ya miezi miwili au mitatu kwa dawa iliyotajwa katika kijitabu cha mashine, mathalan asidi ya sitriki. Siki huacha harufu isiyotoka upesi. Baada ya hapo, matangi mawili ya maji safi yapitishwe.

Stima zikikatika kahawa ikiwa inatoka, kishikio kisifunguliwe upesi. Shinikizo lililobaki ndani linaweza kurusha kahawa ya moto usoni. Swichi izimwe, na mtu angoje dakika kadhaa.

Katika siku za giza, chungu kidogo cha moka, ambacho Alfonso Bialetti wa Italia alikitoa mnamo 1933, hutengeneza kahawa nzito juu ya jiko la gesi au la makaa. Shinikizo lake ni dogo, baa moja na nusu hivi, na kwa hivyo si espreso kamili. Hata hivyo ni nafuu, hakina pampu wala waya, na kwa nyumba nyingi kinatosha.

Mkulima anapata nini

Hesabu ya kikombe inaweza kumshangaza mkulima. Karibu kilo saba za matunda huhitajika kupata kilo moja ya punje safi, na punje hizo hupoteza kama asilimia 15 ya uzito motoni. Mti wa kahawa ukitoa kilo mbili za matunda kwa mwaka, hubaki gramu 240 hivi za kahawa iliyokaangwa. Kwa gramu 18 kila mara, hiyo ni espreso 13 maradufu. Anayejua bei ya kilo ya matunda kiwandani na bei ya kikombe mkahawani anaweza kukamilisha hesabu hiyo mwenyewe, ingawa katikati yake pana gharama za kuambua, kukoboa, kusafirisha, kukaanga na kodi ya mkahawa.

Faida iliyo kubwa zaidi ni ya ulimi. Wanunuzi wanaposhindana katika soko la mnada la Nairobi, huwa wameshaonja sampuli za kahawa wanayoipigania. Kila kasoro ya shambani ina ladha yake. Matunda mabichi huleta ukakasi. Kahawa iliyolala kupita kiasi ndani ya birika za kuchachulia hunuka siki au vitunguu vilivyooza. Iliyokauka na maganda yake mtini, ambayo wakulima huiita mbuni, huwa nzito na ya udongo. Iliyokaa ghalani kupita muda hulegea na kuonja kama gunia. Mkulima asiyewahi kuonja huzisikia kasoro hizo mara moja tu, yaani siku malipo yanapotoka yakiwa duni, tena bila maelezo.

Kuonja hakuhitaji mashine. Gramu nane hivi za kahawa iliyosagwa nene hutiwa katika kikombe, maji ya moto mililita 150 humiminwa juu yake, na baada ya dakika nne utando wa juu huvunjwa kwa kijiko na kunuswa. Ikipoa kidogo huonjwa kwa kijiko. Hivyo ndivyo waonjaji wenyewe hufanya, na chama cha ushirika kinaweza kuwafanyia wanachama wake zoezi hilo siku ya mkutano kwa birika moja na vikombe kumi. Vikombe viwili vikiwekwa ubavu kwa ubavu, kimoja cha matunda mekundu matupu na kingine kilichochanganywa na mabichi, watakaoonja watajua kwa nini karani wa kiwanda hukataa ndoo isiyochaguliwa.